Salamu kwa Aliyebaki na Moto

Inatangazwa kwa watu wote, wake kwa waume, wa Temeke, Kinondoni, Manzese na kila kitongoji ambako gazeti hufika kabla halijafungiwa samaki, kwamba mshairi mashuhuri, mwalimu wa walimu, bahari isiyopimika kina, Mzee Kondo wa Mbweni, amefariki dunia. Marehemu ameacha mashairi mawili na simanzi isiyo kifani.

Hakuacha mke wala mtoto, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Aliishi majuma sita tu, mwishoni mwa mwaka 1954 na mwanzoni mwa ule uliofuata, ndani ya daftari la hesabu lililofichwa chini ya godoro la usufi katika chumba cha uani huko Temeke. Aliyempa uhai alikuwa na miaka kumi na sita, jina lake Tunu binti Mfaume, na habari hii ni yake kuliko ya marehemu.

Tunu alisoma shule ya bweni ya wasichana huko bara, safari ya mchana kutwa na usiku kucha kwa treni. Huko alijifunza mito ya Uingereza, kushona pindo, na kuandika kwa mwandiko wa mtu mwingine. Kipaji hicho cha tatu ndicho kilichompatia jina. Asubuhi moja wasichana walikuta ubaoni tangazo lenye sahihi ya mwalimu mkuu, likiamuru kwamba kwa heshima ya sikukuu ya kuzaliwa Malkia uji utiwe sukari maradufu. Wapishi walitii. Tunu alifyeka nyasi wiki mbili kwa kosa hilo, lakini alifyeka akiwa na uji mtamu tumboni.

Likizo alizimalizia Temeke kwa mama yake mdogo, Chausiku. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, na baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, mahali ambapo msichana hakuwa na la kutazama ila mkonge. Chausiku alikuwa mzaliwa wa Mbweni, mwanamke mrefu, mkimya siku za kawaida, mwenye sauti ya kujaza uwanja siku za harusi, kwa kuwa ndiye aliyekitungia nyimbo chama chake cha ngoma ya lelemama. Alitunga akisuka mkeka. Vidole vilikwenda na ukili, midomo ikihesabu mizani, na ubeti ukitimia alicheka peke yake. Kusoma hakujua. Tunu alikaa pembeni akimchambulia miyaa ya kusukia, na bila mtu kusema kwamba sasa ni somo, akawa amejua vina, mizani, wapi pa kupumua na wapi pa kuchoma.

Chama kile kilikuwa na desturi moja. Wimbo wao, uwe wa kumsifu mtu au wa kumsema, haukufungwa mpaka zipelekwe salamu jikoni. Siku ya harusi watu wote wako uwanjani wanacheza, lakini kuna mwanamke mmoja au wawili waliobaki nyuma na masufuria, macho yamejaa moshi, hawaoni kitu. Ubeti wa mwisho ni wao. Wenzao wakishaimba salamu hizo, yule wa jikoni hugonga mwiko kwenye sufuria mara tatu, kwamba zimefika. Chausiku aliwahi kuimba na aliwahi kugonga, na alimwambia Tunu kwamba kugonga ndiko kutamu zaidi.

Mumewe aliitwa Bwana Mwinshehe, karani wa ghala bandarini, mtu wa kanzu iliyonyooka na sauti ya taratibu. Naye alikuwa mshairi, tena wa gazetini. Kila Jumamosi alasiri jirani yao, Mwalimu Revelian, Mhaya aliyefundisha shule ya misheni, alirudi kutoka mjini na gazeti, na watu saba wanane wakakusanyika barazani kwa Bwana Mwinshehe kusikiliza ukurasa wa mashairi. Mwalimu Revelian ndiye aliyesoma. Alikuwa na miwani, na lafudhi yake iliwapa watu cha kuchekea shairi lilipokuwa baya.

Nyuma ya mlango wa ukumbi ilitundikwa bakora. Tunu aliifahamu kwa likizo mbili sasa. Haikutumika kila siku. Ilitumika chai ilipopoa, au Chausiku alipochelewa kurudi harusini, na ilitumika bila kelele, kama karani anavyopiga mihuri. Bwana Mwinshehe hakuwa mlevi, wala hakutukana. Akimaliza alinawa mikono. Kesho yake Chausiku alijitanda kanga hadi kwenye viganja, na mkeka ukaenda polepole. Majirani walimwambia ana bahati ya kupata mume mpole.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Tunu akiwa na siku tatu tu tangu ateremke kwenye treni, gazeti lilitoka na shairi la Bwana Mwinshehe, beti tisa, jina lake "Fimbo ya Mapenzi". Ubeti wa kwanza ulisema hivi:

*Nyumbani weka bakora, mke afunzwe ajuwe,*
*Si chuki wala hasira, ni dawa ili apowe,*
*Mwanamke bila dira, ni ngalawa kwenye mawe,*
*Fimbo ya mume ni tiba, ni heri mke apewe.*

Barazani walisifu. Tunu alikuwa nyuma ya dirisha akipepeta mchele, na kwanza ilimjia kicheko kwa ajili ya ngalawa, maana baba yake mdogo hata pantoni la Kigamboni alilipanda akiwa amefumba macho. Kisha akamtazama mama yake mdogo. Chausiku alikuwa ukumbini akimimina kahawa ya wageni. Mkono wa kushoto, ambao haukuinuka vizuri tangu Jumanne, aliulaza mapajani, na vidole vya mkono huo vilikuwa vinahesabu mizani ya shairi, kwa mazoea tu. Alipofika mwisho aliitikia kwa kichwa. Mizani ilitimia. Kuitikia huko ndiko kulikomuuma Tunu kuliko bakora yenyewe.

Mzee Kondo alizaliwa siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri.

Alizaliwa na mvi, miguu mibovu na adabu nyingi. Tunu alimpa mwandiko wa kutetemeka, na kwa kuwa kila mtu lazima atoke mahali, akampa Mbweni, kijiji alichokijua kwa hadithi za mama yake mdogo. Sheria za malumbano ya gazetini alizijua: anayejibu hufuata vina vya mwenziwe, hatukani, na jina lake hulitaja mwishoni. Basi Mzee Kondo aliuliza swali tu:

*Nauliza kwa busara, bwana karani nijuwe,*
*Kama tiba ni bakora, mbona wewe usipewe?*
*Ukikosea majira, uchapwe nawe upowe,*
*Dawa kama ina nguvu, mwenye kupika apewe.*

Bahasha aliitia mwenyewe kwenye sanduku la posta la Ilala, siku aliyotumwa nazi. Hakumwambia mtu. Kumkabili Bwana Mwinshehe kwa mdomo wake lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria. Alikuwa mume wa mama yake mdogo, Tunu alikula chakula chake, alimwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Mzee wa Mbweni hakuwa na shida hizo. Na kama mzee angeshindwa, bakora ingebaki palepale ilipokuwa, na mkono wa mama yake mdogo usingepona hata mara moja kabla ya kuumizwa tena. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya bahasha, ingawa juu yake paliandikwa "Kwa Mhariri, kwa heshima".

Lilichapishwa Jumamosi mbili baadaye. Mwalimu Revelian alisoma mpaka "mbona wewe usipewe", akasimama, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Mtu mmoja alianza kucheka, kicheko akakigeuza kikohozi. Wote walimtazama mwenye baraza.

Bwana Mwinshehe alinyoosha kanzu yake magotini. Kisha alisema kwamba huyo ni mzee wa watu, hazina, na kwamba katika maisha yake yote ya ushairi hakuwahi kujibiwa na mtu mwenye heshima namna ile. Akaomba lisomwe tena. Alifurahi, na Tunu nyuma ya dirisha hakujua afanye nini na furaha hiyo.

Tangu siku ile Bwana Mwinshehe alikuwa na kazi. Kushindwa kujibu ni aibu, na mtu aliyepewa heshima ya kuulizwa na mzee hawezi kujibu ovyo. Alirudi kutoka ghalani akaoga, akakaa na karatasi. Alitembea ukumbini akinong'ona. Alianza beti zake kwa "Nasema" na "Naamuru", kama kawaida yake, akazifuta, akaanza tena kwa "Je", kama Mzee Kondo. Jioni moja alimgeukia Chausiku na kumuuliza ni neno gani lingekaa vizuri mahali fulani. Chausiku alitazama nyuma yake kwanza, kama kwamba anaulizwa mtu mwingine. Kisha alilitaja neno, na likakaa.

Bakora ilining'inia nyuma ya mlango. Kila asubuhi, akifagia, Tunu aliipitishia kidole. Siku ya kumi ilikuwa na vumbi. Siku ya ishirini buibui alifunga uzi kutoka mpini hadi ukutani, na Tunu akafagia kila kitu isipokuwa buibui huyo.

"Huyo Mzee Kondo," Chausiku alisema siku moja wakiwa kwenye mkeka, bila kuinua macho, "wa Mbweni ipi?"

"Mbweni iko moja, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Wazee wa pale wote nawajua."

Tunu alisema huenda ni mzee wa kuhamia. Chausiku akasema huenda, akamwomba amsogezee miyaa.

Jibu la Bwana Mwinshehe lilitoka Jumamosi ya pili ya Januari. Halikuwa shairi baya. Alikiri kwamba swali la mzee limemkalia kooni, kisha akauliza naye: kama si fimbo, mume ashike nini? Mtu mwenye busara angeacha mambo hapo, buibui aendelee na kazi yake. Lakini Tunu alikuwa amesomwa mbele ya watu, na aliyekwisha kusomwa mbele ya watu huwa hana masikio ya kitu kingine. Aliandika la pili kwa asubuhi moja, kwa vina vipya, akijiona bingwa. Mzee Kondo alimwambia karani kwamba mume ashike neno, na neno likimshinda ashike ulimi. Na kwamba mwenye nyumba asiyeweza kukaa humo bila silaha ni askari wa zamu, mshahara wake adai serikalini. Kalamu ilikuwa imeshika moto, mkono unakwenda wenyewe, na ubeti wa kufunga ulikuja wote bila kutafutwa, jinsi alivyousikia ukija tangu akiwa mtoto kando ya mkeka.

Shairi hilo lilitoka Jumamosi iliyofuata, na gazeti lile pia lilikuwa na mstari katika pembe ya majibu kwa waandishi: Mzee Kondo wa Mbweni anaombwa alete picha yake na habari za maisha yake kwa ufupi. Mwalimu Revelian alianza na hilo, na baraza ikafurahi. Kisha akasoma shairi. Chausiku alikuwa jikoni uani, na mlango wa kati ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

*Nafunga yangu maoni, mzee nisiye pato,*
*Sina cheo sina shani, nina swali kama mto,*
*Nawaaga barazani, wakubwa hata watoto,*
*Zende salamu jikoni, kwa alobaki na moto.*

Na kule jikoni mwiko uligonga sufuria. Mara tatu.

Chausiku hakukusudia. Mkono wake ulizisikia salamu ukajibu, kama ulivyojibu miaka yote. Barazani wengine hawakuelewa. Walidhani ni mtu anakung'uta ugali. Lakini Bwana Mwinshehe alikuwa amehudhuria harusi nyingi. Alikaa akitazama njia. Kisha kwa sauti yake ileile ya taratibu aliwaambia wageni kwamba leo kusoma kumeishia hapo, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa mbele. Akaitungua bakora, na uzi wa buibui ukaja nayo.

Alimwita mkewe ukumbini. Alimwambia kwamba hakuna mshairi mwanamume, wa Mbweni wala wa popote, anayepeleka salamu jikoni. Alimuuliza ni nani aliyemwandikia. Akainua bakora.

Hapo Tunu alijitokeza. Papo hapo, bila kusita, kabla bakora haijashuka, alitoka uani na daftari lake mkononi, akasimama kati yao wawili, imara kama nguzo ya simu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema. "Mzee Kondo ni mimi."

Bwana Mwinshehe alilichukua daftari, akafungua. Mwandiko wa kutetemeka ulikuwa pale, pamoja na majaribio yake kurasa nne, na hesabu za riba juu yake. Alisoma kwa muda. Alipoinua kichwa hakumtazama Tunu.

"Haya si maneno ya mtoto," alimwambia mkewe. "Haya nimelala nayo miaka kumi na moja."

"Ni yangu," alisema Chausiku. "Mtoto kayaazima. Na mzee wa Mbweni alipokuuliza ulimwita hazina. Mimi nimekuuliza hilohilo miaka kumi na moja, ukanijibu kwa hiyo uliyoishika."

Kisha dirishani ilisikika hodi ya kistaarabu kabisa, na lafudhi ya Bukoba.

"Bwana Mwinshehe," alisema Mwalimu Revelian, "samahani. Sisi tungali hapa."

Bwana Mwinshehe alisimama na bakora mkononi, hajui pa kuiweka. Kuitundika mbele yao ilikuwa kukiri, na kuishika ilikuwa vibaya zaidi. Mwishowe aliiegemeza kitini, ikaanguka, na hakuna aliyeiokota. Chausiku alirudi uani, akaipua sufuria motoni ili ugali usiungue, akakunja mkeka wake ambao haujamalizika, akavaa baibui. Alitoka kwa mlango wa mbele, akiwapita wanaume wanane waliosimama kumpisha, Tunu nyuma yake na sanduku la bati. Walifika kwa kaka yake Chausiku, Kinondoni, kabla ya magharibi.

Wajumbe wamekuja mara mbili. Wamesema Bwana Mwinshehe anajuta, hali chakula cha maana, na bakora hajaigusa tena. Chausiku amewakaribisha kahawa na kuwapa sharti moja tu. Mzee Kondo aliuliza swali gazetini, mbele ya watu: mbona wewe usipewe? Halijajibiwa bado. Bwana Mwinshehe atoe jibu gazetini, kwa jina lake, kwa vina vilevile, mbele ya watu walewale. Shairi likitoka na jibu likiwa jibu, mazungumzo yataanza. Wajumbe walisema hilo ni gumu kwa mwanamume. Chausiku alisema mizani anazo, na neno likimpungua anajua wa kumuuliza.

Jumamosi mbili zimepita, na Mwalimu Revelian ameleta gazeti mpaka Kinondoni kwa baiskeli. Shairi halijatoka. Mhariri amekwisha kuandikiwa, kwa masikitiko makubwa, kwamba Mzee Kondo hatapigwa picha, kwa kuwa ameitwa na Mola wake.

Mwandishi wa habari hii alikusudia kuweka nukta hapo na kwenda kupanga sanduku la shule. Lakini aliona ni adabu kumsomea kwanza mwenye habari, ambaye hajui kusoma, na ambaye sasa hivi amekaa mkekani mbele yake. Chausiku alisikiliza yote akisuka. Alicheka kwenye uji wa Malkia. Penye beti alihesabu kwa vidole. Nilipomaliza alisema nirudie pale alipojitokeza huyo Tunu wangu.

Nikarudia. Papo hapo, bila kusita, imara kama nguzo ya simu.

"Kabla haijashuka?" aliuliza.

Basi nakiri. Kwamba Tunu ni mimi, hilo nadhani mlikwisha kulijua tangu godoro la usufi. Ninalokiri ni jingine. Bakora ilishuka mara mbili. Nilikuwa nyuma ya mlango wa uani, daftari nimelikumbatia, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuona. Ya kwanza iliposhuka nilijiambia kwamba natafuta neno zuri la kuanzia. Mimi, niliyeandika shairi zima kwa asubuhi moja, nikatafuta neno. Ya pili ilipiga kifundo cha mkono, ule ule wa kushoto, na hakulia, na ukimya wake ndio ulionisukuma nje. Sikuwa kama nguzo yoyote. Shikamoo ilinitoka kwa sababu ndilo neno pekee lililokuwepo mdomoni. Na likizo mbili kabla ya hapo nilisikia, nikajifunika shuka, nikarudi shuleni kuwachekesha wenzangu.

Nilimwambia haya yote, naye alikuwa anayajua. Nikamuuliza kama nifute ule mstari wa nguzo ya simu.

"Usifute," alisema. Ukili ulikuwa unakwenda polepole, mkono wa kushoto ukifuata wa kulia. "Uache hapohapo. Halafu andika na haya chini yake, wavione vyote viwili."

Nimeandika.